Zimekufa, Ila Zipo Kwenye Kitabu

Kiswahili kina neno "kifaa", na tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Kifaa ni kinachofaa, basi. Neno halisemi kimetengenezwa na nani, kimenunuliwa kwa shilingi ngapi, wala kimeandikwa kwenye daftari la nani. Sasa kikiacha kufaa kinakuwa nini? Wengi watakujibu haraka kwamba kimekufa. Simu imekufa, redio imekufa, kompyuta imekufa. Kufa na kufaa zimetenganishwa na irabu moja tu, na wahenga hawakuacha nafasi hiyo ipite bure. Wakatuachia kufa kufaana. Siku hizi methali hiyo tunaitumia kwa kejeli, hasa msibani, mtu anapokimbilia shamba la marehemu kabla matanga hayajaondolewa.

Mimi nataka kuitumia bila kejeli, na kwa kitu kisicho na hadhi yoyote ya kifasihi: pawa saplai ya kompyuta kuukuu. Naomba radhi kwa msomaji aliyekuja kutafuta uhakiki wa riwaya. Riwaya itafika, moja, ya Kirusi.

Swali langu ni hili. Kitu kilichokufa mikononi mwa mmoja, lakini kinachoweza kufaa mikononi mwa mwingine, ni cha nani? Na yule anayekishikilia, hakitumii na hakitoi, ana kosa gani, kama analo?

Nililikuta swali hili wilayani Ngara, mwaka jana, nilipokaa wiki mbili kwa shughuli za familia. Mimi ni mtu wa Biharamulo, jirani tu, lakini Ngara ina tabia yake. Ni wilaya ya pembeni, inapakana na Rwanda na Burundi, na vitu vingi vya viwandani vinavyofika pale vimeshapita Nyakanazi juu ya lori na vimeongezeka bei njiani. Mahali pa namna hiyo kitu hakitupwi hovyo. Halafu kuna historia. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya takribani siku moja, watu wapatao robo milioni walivuka pale Rusumo kutoka Rwanda, na Benaco ikageuka kuwa mji wa maturubai. Hata jina Benaco lenyewe lilikuwa la kampuni ya ujenzi iliyowahi kuweka kambi pale. Kampuni iliondoka, jina likapata kazi nyingine. Wanyarwanda waliporudishwa kwao Desemba 1996, vitu vilibaki nyuma. Turubai likawa pazia la choo, kopo la mafuta ya msaada likawa kibatari au likanyooshwa kuwa mlango. Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, imebaki hewani mpaka leo ikiwa redio ya wenyeji. Kwizera ni kutumaini. Mhangaza analielewa neno hilo bila mkalimani.

Kwa hiyo usidhani nakusimulia habari za watu wasiojua kutumia tena vitu. Wanajua kuliko wanaowahubiria. Ndiyo maana kisa chenyewe kilinishangaza.

Kuna sekondari moja, jina lake nalihifadhi, yenye chumba cha stoo karibu na maabara. Ndani mna kompyuta kumi na nne, za mezani, zile zenye sanduku kubwa. Zililetwa kama msaada kutoka Ulaya zikiwa tayari zimetumika, zikafanya kazi kwa muda, zikaanza kuzima moja baada ya nyingine. Kila moja imeandikwa namba kwa rangi nyeupe ubavuni. Ng'ambo ya barabara kuna fundi. Kibanda chake kina ubao wa "Radio, Ving'amuzi, Sola, Simu", na redio za magari anazipokea pia. Anavyojaribia vyombo hivyo ni kwa betri ya pikipiki. Asubuhi betri ina volti 12 na ushei, alasiri imeshuka hata chini ya 11, na hapo redio ya mteja ikikoroma hajui kama mgonjwa ni redio au ni betri.

Akaenda kwa mkuu wa shule kuomba pawa saplai moja, "hata iliyokufa". Nilikuwepo, kwa sababu mkuu ni mtu wa kwetu na nilikuwa nimekwenda kumsalimia.

"Fundi, hizi si zangu," mkuu alisema. "Zingekuwa zangu ungeshachukua."

"Lakini Mkuu, si zimekufa?"

"Zimekufa ndiyo. Ila zipo kwenye kitabu."

Hapa ndipo riwaya inapoingia. Mwaka 1842 Gogol alitoa kitabu kuhusu bwana mmoja, Chichikov, anayezunguka kwa mabwanyenye wa Urusi akinunua watumwa wa mashambani waliokufa. Anawanunua kwa sababu wamekufa kweli, lakini kwenye daftari la serikali bado wanahesabiwa hai mpaka sensa ijayo, na mtu aliye hai kwenye daftari anaweza kuwekwa rehani. Nilipokisoma mara ya kwanza nilicheka nikidhani ni kejeli ya Warusi tu. Stoo ile ya Ngara imepindua hadithi: hapa mfu wa kwenye kitabu hauzwi, hatolewi, wala hazikwi. Analindwa kwa kufuli.

Mkuu si mtu mbaya, na sitaki msomaji amwone hivyo. Tulipobaki wawili aliniambia kisa cha mwenzake aliyetakiwa kulipia viti. Viti vilivunjika, vikachomwa jikoni kama kuni, kila mtu akajua, hakuna aliyeandika. Mkaguzi alipokuja alihesabu viti, hakuhesabu kuni. "Mimi nastaafu mwaka kesho kutwa, kaka," aliniambia. "Kiinua mgongo changu hakiwezi kuning'inia kwenye nyaya za kompyuta." Hiyo hoja ina uzito, na mtu anayeiona ni ya woga tu hajawahi kukabidhiwa mali ya umma na kuiwekea saini.

Lakini turudi kwenye sanduku lenyewe, maana nusu ya maadili ya jambo hili imo ndani ya ufundi wake.

Pawa saplai ni lile boksi la bati lenye feni, nyuma ya kompyuta, unapochomeka waya wa ukutani. Linapokea umeme wa volti 230 na kuutoa ukiwa mpole, wa aina ya betri, uliogawanywa kwa rangi. Waya wa njano unatoa volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya machungwa 3.3, na mweusi ndiyo njia ya kurudia. Rangi hizi zilienea na muundo wa ATX ambao Intel iliutoa mwaka 1995, kwa hiyo boksi lililotoka Ujerumani na lililotoka China kwa kawaida yanasema lugha moja. (Kwa kawaida. Kuna kampuni zilizowahi kwenda kinyume, na fundi mwenye akili anapima kwa mita kabla ya kuamini rangi.) Volti 12 ndizo anazotaka fundi wetu: redio ya gari, ving'amuzi vingi, taa nyingi za sola, vyote viko hapo. Volti 5 ni za vifaa vinavyochajiwa kwa USB.

Sasa ukilichomoa boksi kwenye kompyuta na kulichomeka ukutani peke yake, halifanyi kitu. Feni haizunguki, nyaya za njano hazina kitu. Ukiweka mita kwenye nyeusi na njano inasoma sifuri. Mtu yeyote atasema limekufa. Lakini kuna waya mmoja wa zambarau ambao uko macho muda wote, na volti zake 5, na kuna waya mmoja wa kijani unaosubiri. Ukiugusisha wa kijani na mweusi, hata kwa kipande kidogo cha waya, boksi zima linaamka. Feni inavuma, volti zinakuja. Ndani ya kompyuta kazi hiyo ya kuugusisha hufanywa na ubao mkuu unapobonyeza swichi. Ubao ukifa, boksi halitaamshwa tena na mtu, hata kama lenyewe ni zima.

Kwa hiyo zile kumi na nne, nani alithibitisha kwamba zimekufa? Aliyebonyeza swichi na kuona kioo cheusi. Yaani kifo cha mwili mzima kimetangazwa kwa sababu kiungo kimoja hakikujibu, na huenda ni hicho hicho kilichokuwa na kazi ya kuwaita wengine. Siwezi kusema ngapi kati yake ni nzima. Hakuna awezaye mpaka agusishe waya wa kijani. Naona hapa pana wajibu wa kwanza, mdogo, usiohitaji kibali cha wizara: kabla hujaandika kwamba kitu kimekufa, kiulize.

Aristotle, katika Fizikia yake, anataja hoja ya Antiphon kuhusu kitanda. Ukizika kitanda ardhini na kile kilichooza kikapata nguvu ya kuchipua, kitachipua mti, hakitachipua kitanda. Ukitanda ni kitu alichokibandika seremala. Uti ndio uliomo. Nimekuwa nikiufikiria mfano huo kwa ajili ya boksi letu. Lizike Ngara na lichipue, litachipua nini? Kompyuta, hapana. Kitakachochipua ni volti 12 zilizotulia. Kompyuta ilikuwa mpangaji tu. Wanaosema pawa saplai ni "sehemu ya kompyuta" na bila kompyuta haina maana wanasema lugha ya daftari la mali, na ni lugha halali, lakini boksi lenyewe halijawahi kuisikia.

Haya, tukubaliane basi kwamba linaweza kufaa. Je, uwezo wa kufaa unampa mtu haki ya kulichukua? Hapa ndipo wengi wetu, hasa tunaopenda mafundi, huteleza kwa furaha.

John Locke aliandika mwaka 1689 kwamba mtu anaweza kujitwalia vitu vya asili kadiri anavyoweza kuvitumia kabla havijaharibika. Tunda likiozea ghalani mwake, amechukua zaidi ya fungu lake. Ningependa kumleta Locke kwenye stoo ile. Maana pawa saplai nayo inaoza. Ndani yake mna kapasita zenye umajimaji, zile zinazofanana na vikopo vidogo, na kadiri miaka inavyokwenda umajimaji hukauka au kuharibika hata kama boksi halijawashwa kamwe. Anayelifungia stoo akidhani amelihifadhi anakosea kuhusu asili ya kitu alichokishika. Ni kama kuhifadhi ndizi. Kisichooza ni ile namba ya rangi nyeupe ubavuni, na Locke mwenyewe aliliona hilo: pesa haziozi, ndiyo maana mtu anaweza kuzirundika bila kuonekana mharibifu. Namba nayo haiozi. Kitabu cha mali kinaweza kuwa na afya njema kabisa huku stoo imejaa ndizi nyeusi.

Lakini kuwa mwangalifu na Locke, hasa ukiwa Mwafrika. Hoja ya "hakitumiki, kwa hiyo kinachukulika" tunaijua kwa upande wake mwingine. Ilitumika Marekani dhidi ya wenyeji waliowinda bila kulima kwa jembe la Kiingereza. Huku kwetu, mwaka 1895, amri ya Kaisari ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Wajerumani ni mali ya dola. Isiyo na mwenyewe! Mlima wa malisho ulioachwa upumzike mwaka mmoja, bonde la mizimu, msitu wa kuni, vyote vinaonekana "havitumiki" kwa mtu aliyepita na farasi. Mwizi wa mafuta ya transfoma naye anakuambia mafuta yamekaa tu mle ndani. Anayekata nyaya za shaba anasema laini ile imekufa siku nyingi. Kila mporaji ni mwanafalsafa wa matumizi bora.

Kwa hiyo siwezi kumwambia fundi, ruka ukuta usiku uchukue. Siwezi hata kama najua kwamba boksi lingekuwa na maisha mema zaidi kwake. Yeye mwenyewe, nikiri kwa niaba yake, hakuwahi kulifikiria. Alikuja mchana, kwa mlango, akaomba.

Nyerere, miaka mitatu kabla ya Uhuru, aliandika kijitabu alichokiita Mali ya Taifa, mwaka 1958. Alikuwa anabishana kuhusu ardhi, akipinga mpango wa kuifanya iwe ya mtu binafsi ya kuuza na kununua. Hoja yake kwa ufupi: ardhi sikuitengeneza mimi, nilichoongeza ni jasho langu la kuifyeka na kuilima, basi haki yangu ni ya kuitumia, na nikiacha kuitumia siwezi kuendelea kuishikilia kana kwamba niliiumba. Mtu anaweza kusema hii ni Locke aliyevaa kanzu. Hapana, kuna tofauti moja kubwa na ndiyo ninayoitaka. Kwa Nyerere kitu kisichotumika hakiangukii kwa yeyote atakayekiwahi. Kinarudi kwa jamii, na jamii ndiyo inayokigawa upya. Kutotumika hakuzai haki kwa mchukuaji. Kunazaa wajibu kwa mtunzaji.

Nikiliangalia jambo la stoo kwa jicho hilo, naona tulikuwa tunambana mkuu mahali pasipo. Kumkatalia fundi hakukuwa kosa. Mali si yake, alisema kweli. Kosa ni kwamba alipokwisha kukataa alidhani kazi imekwisha. Kama mali si yangu, basi yupo mwenye mali, na mimi niliyeishika nina deni la kumwambia hali yake. Kuna njia ya kufuta mali chakavu, ina hatua, ina fomu, ina watu wa kuja kukagua, inachosha, lakini ipo. Mtu anayesema "si yangu" ili asitoe, halafu hasemi "si yangu" ili apeleke taarifa, anatumia maneno yale yale kama kufuli la upande mmoja. Nilimwambia hivyo, kwa adabu zaidi kidogo. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Barua ya namna hiyo ukiandika, wanaanza kukuhesabia na vijiko."

Sijui kama msomaji atamlaumu. Mimi nilimwelewa na bado naona hakuwa sahihi.

Na waliotoa msaada je? Nao wamo. Kompyuta iliyobakiza miaka miwili ya uhai, ikisafirishwa bara hadi bara, ikapokelewa kwa picha na risala, imemhamishia mpokeaji gharama ya mazishi. Mkataba wa Basel ulipitishwa mwaka 1989 ili taka hatari zisivushwe mipaka ovyo, lakini kitu kikiitwa msaada au mtumba unaofanya kazi, hakiitwi taka siku kinapovuka. Kinakuwa taka baadaye, kikiwa kwako. Aliyetoa ameshukuriwa, aliyepokea amebaki na maiti na wajibu wa kumlinda. Ukitaka kumpa mtu chombo cha namna hiyo, mpe pamoja na ruhusa ya maandishi ya kukivunja siku kitakapokufa. Ingekuwa karatasi moja tu, nusu ukurasa.

Liko jambo jingine lililonisumbua zaidi ya umiliki, nalo ni hatari. Boksi hili lina kibandiko kinachosema usifungue. Kibandiko hakisemi uongo. Ndani, upande unaopokea umeme wa ukutani, mna kapasita kubwa, mara nyingi mbili, ambazo kwa pamoja hubeba volti zaidi ya 300, na zinaweza kubaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Mabati ya kupoozea yaliyo upande huo nayo huenda yana umeme. Tena nyumba nyingi za huku soketi yake haina waya wa ardhi uliofika ardhini kweli, na hapo bati la boksi lenyewe linaweza kukutekenya vidole ukiligusa ukiwa peku. Fundi wetu ana kijana anayemfundisha, wa miaka kumi na saba hivi. Je, ni haki kumfundisha kazi hii?

Hoja ya kumkataza ni ya huruma na inaonekana safi. Lakini inasahau kwamba kijana atalifungua tu, leo au kesho, kwa sababu vijana hufungua vitu. Tofauti ni kama atalifungua akijua au asijue. Nilimwona fundi anavyomfundisha na nilipenda mpangilio wake. Kwanza alimwambia kwamba kazi hii yote inaweza kufanyika bila kufungua boksi: nyaya zinatoka nje, zikate nje, zifunge nje. Halafu usiguse kitu kikiwa kwenye umeme. Halafu waya wa ardhi. Akachimbia nondo nyuma ya kibanda na kumwagia maji kabla hata ya kuzungumzia volti 12. Halafu fyuzi, kwa sababu boksi hili halina huruma ya betri iliyochoka: waya mwekundu unaweza kusukuma ampia 20, na kijiwaya chembamba kitawaka kama utambi. Kwenye njia ya volti 12 akapitisha balbu ya breki ya gari. Redio ikiwa na shoti ndani, balbu inawaka kwa nguvu na kuupokea mkondo, redio inapona. Ikiwa nzima, balbu inafifia au haiwaki kabisa. Kijana aliielewa balbu ile mara moja. Vitabu vya fizikia vya kidato cha tatu vina mchoro wa sakiti kama hiyo, na nina wasiwasi kwamba wanafunzi walio ng'ambo ya barabara, mita chache kutoka kwenye stoo yenye pawa saplai kumi na nne, wanaukariri bila kuiona balbu ikififia. Elimu ya Kujitegemea iliandikwa mwaka 1967. Haya.

Jambo moja la ufundi lilinivutia nikataka kulifanya falsafa. Pawa saplai nyingi za zamani hazitulii zisipokuwa na mzigo. Usipozipa kazi, volti zinayumba au boksi linajizima. Basi fundi anaweka rezista ya omu 10, yenye uwezo wa wati 10, kati ya waya mwekundu na mweusi, na rezista ile inakula nusu ampia muda wote, haifanyi kazi yoyote ya kuonekana, inapata joto tu, ili wengine watulie. Nikaanza kumwambia fundi kuhusu watu wa namna hiyo katika familia. Akanitazama. "Hiyo ni rezista tu, kaka." Nimeiacha hapo.

Utauliza amelipata wapi boksi, kama mkuu alikataa. Alilipata Biharamulo, kwa mwenye duka la fotokopi aliyekuwa amebadilisha kompyuta. Mwenye duka hakuwa na kitabu wala mkaguzi. Alisema chukua, na siku ukipita unitengenezee redio ya nyumbani. Mazungumzo yalichukua chini ya dakika tano, na boksi likasafiri kwenda Ngara ndani ya mfuko wa sandarusi kwenye hiace. Ukilinganisha, unaweza kushawishika kusema mali binafsi ni bora kuliko ya umma, iko huru, inatembea. Siendi huko. Mwenye duka angeweza vilevile kulitupa shimoni na hakuna ambaye angemwuliza. Uhuru wake ulielekea upande mzuri siku ile kwa sababu fundi alipita. Mali ya umma ina faida kwamba mtu anaweza kudai maelezo juu yake. Tatizo ni pale tunapodai maelezo ya kilichopotea tu, na hatudai kamwe maelezo ya kilichooza. Mkaguzi anauliza kiti kiko wapi. Sijasikia aliyeuliza kiti kimekaa miaka mingapi bila kukaliwa.

Siku ya pili baada ya boksi kuwekwa mezani alikuja mtu wa Kabanga na redio ya gari. Mafundi wawili walikuwa wameshaifungua na kubadilisha vipuri, kila mmoja kwa hela yake. Fundi aliiunga kwenye waya wa njano kupitia balbu, balbu ikafifia vizuri, redio ikaimba. Akaiacha iimbe kwa saa nzima, volti 12 hazikuteteleka. Akamwambia mtu yule, redio yako haina ugonjwa, katazame waya wa ardhi kwenye gari lako. Hakumtoza. Zamani, kwa betri ya pikipiki, angefanya nini? Nilimwuliza. Alisema kweli: "Ningeifungua. Nisingejua, na mteja anataka kuona umefungua." Kwa muda mrefu nimeuona uaminifu kuwa ni suala la moyo, na bado ni la moyo. Lakini hapa palikuwa na mtu mwenye moyo ule ule, jana na leo, na kilichobadilika kati ya jana na leo ni kwamba amepata njia ya kujua. Asiyeweza kujua hulazimika kubahatisha, na mafundi wanaobahatisha hulipwa na wateja maskini. Tukishalikubali hilo, boksi lililofungiwa stoo linaonekana kwa namna nyingine. Lina watu wanaolilipia, kila wiki, wala hawajui kwamba lipo.

Mkuu aliandika barua, hatimaye. Aliniambia mwenyewe kwa simu, akaongeza kwamba ametaja na vijiko ili asije akaulizwa. Hiyo ilikuwa Novemba. Masika yalipoanza nilimpigia fundi kumsalimia, nikamwuliza kama kuna jibu. Akasema bado, na kwamba bati moja la stoo limeng'oka upande wa dirishani, pale zilipopangwa zile kumi na nne, na mkuu amezifunika turubai.